Paa la Nyasi, Paa la Bati na Hati ya Bima

Someni nasi polepole; neno likiwashinda, mwulizeni mwalimu wenu.

Zamani nyumba ya Waha ilikuwa ya msonge, imeezekwa nyasi tangu juu hata chini. Upepo ukiiezua, mwenye nyumba hakutafuta fundi wa kulipwa. Majirani walikuja, nyasi zikakatwa, pombe ikapikwa, nyumba ikasimama tena. Majirani ndio waliokuwa bima yake.

Kisha likaja bati, kitu kilichobuniwa London mwaka 1829. Bati haliozi kama nyasi, na maji ya mvua hukingwa vizuri. Lakini upepo ukiingia chini ya upenu huling'oa, na bati halikatwi porini. Hununuliwa kwa fedha. Jirani, hata awe mwema namna gani, hana bati la kukupa.

Kwa hiyo wengine hukata bima. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, biashara ya bima iliwekwa mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka 1996 ikawafungulia tena mlango watu binafsi. Hati ya bima ya nyumba kwa desturi ni ya moto, na dhoruba huongezwa kwa maandishi. Basi itafute dhoruba katika hati yako. Kama haimo, usitazamie kulipwa.

Haya, upepo umeezua paa lako. Fundi anafika siku ile ile na ngazi yake: "Mama, nipe nusu sasa, bima watakurudishia." Mwambie angoje. Wapashe habari watu wa bima kwanza, mkaguzi wao aje aone hasara. Kufunika kwa turubai si kosa. Tunza risiti yake. Mabati yaliyopinda usiyatupe, ndiyo ushahidi wako.

Ndipo fundi aandike: mabati mangapi, geji gani, mbao, misumari, ujira wake. Geji 30 ni bati jembamba kuliko geji 28, ingawa hesabu yake ni kubwa. Wengi hudanganyika hapo. Wala usitie sahihi karatasi tupu, hata kama fundi ni shemeji yako.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni idadi ya mabati ya nyumba yenu, na geji yake.