Viboko wa Ziwa Edouard: hasara ku shamba, faida ku ziwa

Katika Parki ya Virunga, Kivu Kaskazini, kiboko na mtu ni majirani. Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma ni vijiji vya wavuvi vilivyo ndani ya parki yenyewe. Mchana kiboko anabaki majini. Usiku anatoka kula majani, karibu kilo 40, na mara nyingine anapita katikati ya nyumba.

Idadi yao
Katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 25,000. Mwaka 2005 walibaki chini ya 1,000. Wakati wa vita, watu wenye silaha waliwaua kwa ajili ya nyama na meno.

Wakaaji wanasema nini
Mkulima anayekuta mahindi yake yamekanyagwa analalamika kwamba mnyama analindwa kuliko mtu: sheria inakataza kumuua, hasara inabaki kwake. Mvuvi anaona upande mwingine. Mavi ya kiboko yanarutubisha maji, na samaki wanapata chakula. Viboko wakipungua, naye anaogopa nyavu zitarudi tupu.

Njia za kuwazuia
Watu wanakesha kwa zamu, wanawasha moto, wanapiga kelele. Sehemu fulani parki imeweka waya za umeme. Zinasaidia kulinda mashamba, lakini zimeleta ubishi: nani alichora mpaka ule? Waya hata ikiwa nzuri, mwenye kukesha shambani anataka aulizwe kabla nguzo ya kwanza haijasimama.