Bei bila mnunuzi: vanila ya Beni na Butembo

Biashara ya Beni na Butembo, mashariki ya Kongo, imejengwa juu ya mazao yanayosafiri mbali na kununuliwa na watu wachache. Butembo ilianza kukua miaka ya 1920, wakati kampuni ya madini ya MGL ilipokuwa ikichimba katika eneo la Lubero, kisha ikawa mji wa wafanyabiashara Wanande. Mboga na maharage yalikwenda Kisangani, kahawa ikavuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda, na utomvu wa papai ukakaushwa kuwa papaini ya viwandani. Kahawa ilipata pigo Julai 1989, mgao wa mauzo uliowekwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika na bei ya dunia ikashuka kwa karibu nusu katika muda wa miezi michache. Hata hivyo, kahawa ya robusta ilikuwa na bei iliyotangazwa London, na mnunuzi hakukosekana, ingawa alilipa kidogo. Vanila ndiyo iliyoonyesha hatari kubwa zaidi.

Sehemu kubwa ya vanila ya dunia hutoka Madagaska, na hakuna soko kuu linalotangaza bei yake kila siku kama ya kahawa. Kimbunga Hudah kilipoharibu mashamba ya kisiwa hicho Aprili 2000, kisha mgogoro wa kisiasa wa 2002 ukavuruga usafirishaji, kilo ya vanila iliyokaushwa ilifika karibu dola 500 mwaka 2003. Wakulima wengi wa Uganda na mashariki ya Kongo wakapanda. Mche huchukua takriban miaka 3 kutoa maua. Ua hufunguka kwa siku moja tu, na mkulima hulichavusha asubuhi kwa kijiti chembamba, moja baada ya jingine. Ganda hukaa mtini kama miezi 9 kabla ya kukomaa. Aliyepanda mwaka wa bei ya juu alivuna kampuni za vyakula za Ulaya na Marekani zikiwa zimekwisha kugeukia vanilini ya viwandani. Kufikia 2005 kilo ilikuwa chini ya dola 50.

Katika mporomoko wa namna hiyo, mwenye mali anaweza kujiwekea mpaka: bei ikigusa dola 200, auze. Mpaka huo hauna nguvu ikiwa kati ya dola 300 na dola 100 hakuna anayenunua. Bei ya mwisho inayosikika Butembo ni ya mzigo uliokwisha kuuzwa. Haimfungi mtu yeyote kununua mzigo unaofuata. Tena vanila mbichi haingoji, kwani ganda lililokomaa hupasuka na kupoteza thamani.

Katika masoko ya hisa, mpaka wa aina hiyo umefanywa kuwa agizo analopewa dalali: bei ikishuka hadi kiwango fulani, hisa ziuzwe mara moja. Chukua mtu mwenye hisa 1,000 aliyeagiza ziuzwe bei ikifika shilingi 90. Mtu mwingine anauza hisa 50 tu kwa 90, na agizo linaamka. Kwenye orodha ya wanunuzi kuna mmoja anayetaka hisa 300 kwa shilingi 80, na mwingine anayetaka zilizobaki kwa 65. Hisa zote zinauzwa kwa bei hizo, wastani shilingi 69.50, ingawa kampuni yenyewe haijapata habari yoyote mbaya. Mauzo hayo nayo huishusha bei na kuyaamsha maagizo ya wengine.

Masoko makubwa pia yameumia. Tarehe 6 Mei 2010, huko New York, wanunuzi walijiondoa kwa dakika chache na hisa za Accenture zikauzwa kwa senti 1. Baada ya msukosuko mwingine wa Agosti 2015, soko la hisa la New York liliacha kupokea maagizo ya aina hiyo Februari 2016. Kinshasa haina soko la hisa. Nairobi, ambako soko lilianzishwa 1954, na Dar es Salaam, ambako hisa zilianza kuuzwa 1998, kampuni kadhaa huweza kupitisha siku nzima bila hisa zao kubadili mikono. Nairobi huweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwendo wa bei kwa siku. Kikomo hicho huzuia anguko la ghafla, lakini huweza kumwacha muuzaji kwenye foleni hadi kesho yake.

Agizo linalotaja pia bei ya chini kabisa inayokubalika humkinga mwenye hisa asiuze kwa bei ya kutupa. Gharama yake ni kwamba huenda asiuze kabisa. Kwa hisa zisizo na wanunuzi wengi, kinga iliyo bora ni kununua kiasi kidogo tangu mwanzo, na kuuza kwa mafungu.

Kwa vanila, kinga ni kukausha. Maganda huchovywa katika maji ya moto, hufunikwa yatoke jasho, kisha huanikwa kwa wiki nyingi. Kilo 5 au 6 mbichi hutoa kilo 1 kavu, inayoweza kuhifadhiwa mwaka na zaidi. Vanila iliyokaushwa vizuri humpa mkulima nafasi ya kungoja mnunuzi wa pili na wa tatu. Nafasi hiyo ina thamani kubwa Kivu ya Kaskazini, ambako barabara hufungwa ghafla: mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliteka Kanyabayonga na Kirumba, kwenye barabara ya kutoka Butembo kwenda Goma.