Msitu na Jirani: Funzo Kutoka Chini ya Mlima Everest

Jina la mlima Everest halimpiti mtoto yeyote aliyepata kukaa darasani. Tarehe 29 Mei 1953, Edmund Hillary wa New Zealand na Msherpa Tenzing Norgay walipofika kileleni, dunia nzima iliwapigia makofi. Lakini mwaka huo huo alifika chini ya mlima huo mgeni mwingine, ambaye hakuwa na haja ya kilele. Huyu alikuwa Christoph von Fürer-Haimendorf, mwalimu wa Chuo Kikuu cha London na mtaalamu wa mila na desturi za watu. Yeye alitaka kujua jambo moja: Washerpa wa Khumbu, ambao kutoka kwao hadi mji mkuu wa Kathmandu ilikuwa safari ya miguu ya kama majuma mawili, wanajitawala namna gani? Jibu alilolipata ndilo mazungumzo yetu ya juma hili.

Khumbu iko Nepal, mpakani na Tibet. Kijiji cha Khumjung kiko kwenye kimo cha meta karibu 3,800. Huko hapaoti mpunga wala mgomba. Watu hulima viazi na nafaka za nchi ya baridi, na hufuga yaki, wale ng'ombe wenye manyoya marefu. Mashamba ni madogo, majira ya kilimo ni mafupi, na mti ukikatwa huchukua miaka mingi kurudi. Mahali kama hapo, uzembe wa mtu mmoja huwa ni njaa ya wengi.

Serikali ilikuwapo, hatukatai. Watawala wa ukoo wa Rana, walioishika Nepal tangu 1846 hadi 1951, walikuwa na mawakala wao vijijini walioitwa pembu. Hao walikusanya kodi, na cheo chao kilirithiwa. Lakini ni nani aliyezuia ng'ombe wa huyu wasile viazi vya yule? Ni nani aliyehesabu magogo msituni? Kazi hiyo haikuwa ya pembu. Ilikuwa ya watu walioitwa nawa.

Nawa hakuwa chifu. Alikuwa mwanakijiji kama wengine, aliyechaguliwa na wenzake au kufikiwa na zamu yake, kisha muda ukiisha akampisha mwingine. Wako waliolinda mashamba. Mazao yakishaota, hao walitangaza siku ambayo mifugo yote lazima iondoke kijijini ipande malisho ya juu, na ole wake ambaye yaki wake alionekana chini kabla ya mavuno. Wako pia waliolinda msitu, ndio shinggi nawa. Kuni kavu mtu aliokota bila kuuliza. Mti mbichi hakuugusa bila ruhusa, na ruhusa ilitolewa kwa sababu inayoonekana, kama ujenzi wa nyumba. Mkosaji alitozwa faini, mara nyingi ya pombe au fedha kidogo.

Tusicheke habari ya pombe. Uzito wa adhabu ile haukuwa katika mtungi, bali katika kusimama mbele ya majirani na kukiri kosa. Tena aliyetozwa leo angeweza kuwa mlinzi wa kesho, na mlinzi wa leo alijua kwamba kesho atasimama upande wa pili. Kwa hiyo hapakuwa na faida ya kuonea, wala hapakuwa na mahali pa kujificha.

Wala tusiseme kwamba Khumbu ilikuwa peponi. Zilikuwako koo ambazo wengine walikataa kuoana nazo kwa sababu ya asili yao. Kijiji kinachojitawala vizuri chaweza pia kuwa na ubaguzi wake. Lakini msitu ulikuwa na mwenyewe.

Mwaka 1957 Serikali ya Nepal ilipitisha sheria ya kutaifisha misitu. Nia ilikuwa njema: kuwanyang'anya wakubwa wachache misitu waliyojimilikisha. Lakini sheria haikutofautisha msitu wa bwana mkubwa na msitu uliolindwa na kijiji. Sheria hiyo ilipofika Khumbu katika miaka ya 1960, ruhusa ya kukata mti ikawa inatoka kwa ofisa, na shinggi nawa akabaki na jina tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ofisa hakuujua mti, na mti haukumjua ofisa.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Baada ya ghasia za Tibet za mwaka 1959, maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka. Mwaka 1964 ukajengwa uwanja wa ndege wa Lukla, na wapanda milima wakaanza kumiminika. Wote walihitaji kuni. Fürer-Haimendorf aliporudi katika miaka ya 1970, alisikitika kuona misitu iliyoharibiwa. Mtaalamu mwingine, Stanley Stevens wa Marekani, baadaye alionyesha kwamba uharibifu ulikuzwa mno na wasimulizi, na kwamba walinzi wa mashamba waliendelea na kazi katika vijiji kadhaa. Hilo latuonyesha jambo: pale ambapo serikali haikuingilia, desturi ilidumu.

Mwaka 1976 Khumbu ikafanywa hifadhi ya taifa, Sagarmatha. Washerpa walikuwa na sababu ya kuogopa, kwani kwenye ziwa Rara, magharibi ya Nepal, wakazi walihamishwa kwa ajili ya hifadhi. Lakini Khumbu vijiji viliachwa mahali pake. Kisha akaja mhifadhi mkuu ambaye ni mtoto wa huko huko, Mingma Norbu Sherpa, mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa shule ambayo Hillary aliijenga Khumjung mwaka 1961. Yeye aliwarudisha shinggi nawa kazini.

Nchi nzima nayo ilijifunza. Sheria ya misitu ya mwaka 1993 iliviruhusu vikundi vya wanavijiji kusimamia misitu yao, na leo vikundi hivyo vimepita 22,000. Picha za setilaiti zinaonyesha kwamba misitu ya Nepal iliongezeka kutoka karibu asilimia 26 ya nchi mwaka 1992 hadi asilimia 45 mwaka 2016. Kuhama kwa vijana kwenda kutafuta kazi kumechangia, lakini vikundi hivyo vina sehemu yao kubwa.

Septemba 2006, Serikali ilikabidhi hifadhi ya Kanchenjunga mikononi mwa wenyeji. Tarehe 23 ya mwezi huo, helikopta iliyowabeba waliokwenda kwa ajili ya makabidhiano hayo ilianguka karibu na kijiji cha Ghunsa. Wote 24 walikufa. Mmoja wao alikuwa Mingma Norbu Sherpa.

Kurudisha kwa wanavijiji kile kilichochukuliwa kwa sheria moja ya 1957 kulichukua karibu miaka 50, na maisha ya watu. Kwa hiyo kabla ya kuuvunja utaratibu wa wazee kwa sababu haukuandikwa, na tuulize kwanza ulikuwa ukilinda nini.