Damu, Hesabu na Lugha: Historia ya Picha za Kazi za Ubongo

Mwanafunzi wa lugha anayeanza elimu ya picha za kazi za ubongo hukutana kwanza na picha yenyewe: ubongo wa rangi ya kijivu, juu yake madoa mekundu na ya manjano, na chini yake maelezo kwamba hapo ndipo sentensi ifahamikapo. Picha hiyo haikupigwa kama ipigwavyo picha ya uso au ya nyumba. Ni tokeo la hesabu, na hesabu yenyewe imejengwa juu ya mwendo wa damu. Atakaye kuisoma sawasawa yampasa ajue hatua zilizopitiwa, maana kila hatua imeacha sharti lake katika picha ya leo.

Zamani, aliyetaka kujua mahali pa lugha ubongoni alilazimika kungoja mauti. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris aliuchunguza ubongo wa marehemu Leborgne, ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, "tan"; akakuta sehemu ya mbele ya upande wa kushoto imeharibika. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza habari za wagonjwa waliosema kwa wepesi ila maneno yao hayakueleweka, wala wao hawakufahamu waliyoambiwa. Dosari yao aliihusisha na sehemu iliyo nyuma zaidi. Njia hiyo ilionyesha kilichopotea. Haikuweza kuonyesha ubongo wa mtu mwenye afya ukiwa kazini.

Njia nyingine ilifunguliwa na damu. Huko Turin, Angelo Mosso aliwachunguza watu wenye majeraha ya fuvu, akaandika mapigo ya damu katika bongo zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1881. Mkulima mmoja aliposikia kengele za adhuhuri, mapigo ya ubongo yalizidi, ilhali yale ya mkono hayakuzidi. Mwaka 1890 Charles Roy na Charles Sherrington wa Cambridge wakatoa rai kwamba ubongo una uwezo wa kujiongezea damu mahali pale ambapo kazi imeongezeka.

Karibu miaka 100 baadaye rai hiyo ilitumiwa kuchunguza maneno. Mwaka 1988 Steven Petersen na wenzake wa St. Louis waliwatia watu wa kujitolea maji yenye oksijeni nururifu mishipani, wakapima damu ilikokwenda. Kwanza mtu aliangalia alama ndogo, kisha akaonyeshwa nomino, kisha akazitamka, mwisho akataja kitenzi kinachoifaa kila nomino, kama vile "kula" kwa "keki". Picha ya hatua moja ilitolewa katika picha ya hatua iliyofuata, na baki likahesabiwa kuwa ni kazi iliyoongezeka. Utaratibu wa kutoa namna hii ulitumiwa na Mholanzi F. C. Donders mwaka 1868, ila yeye alitoa muda katika muda.

Sumaku ndiyo iliyoondoa haja ya sindano. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba hemoglobini yenye oksijeni na ile isiyo nayo hazina tabia moja mbele ya sumaku. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake wakaiona tofauti hiyo katika bongo za panya, na mwaka 1992 makundi matatu ya Marekani yakachapisha habari za ubongo wa binadamu.

Hata hivyo, kipimwacho si fikira, bali ni badiliko la damu lifuatalo nyuma yake. Damu hufikia kilele baada ya sekunde 5 au 6 hivi, na badiliko lenyewe aghalabu ni asilimia chache tu za ishara ipimwayo. Sentensi nzima yaweza kuwa imekwisha kabla damu haijafika. Kwa hiyo mchunguzi, baada ya kusahihisha misogeo ya kichwa, huandika wakati wa kila tukio, hukadiria wimbi la damu ambalo tukio hilo lingezaa, kisha hupima kama ishara ya kila mahali yalifuata kadirio hilo. Karl Friston na wenzake wa London waliuimarisha utaratibu huu katika miaka ya 1990.

Hapo pana hatari. Ubongo hugawanywa katika vijisehemu viitwavyo vokseli, na kila kimoja hupimwa peke yake. Vikiwa 100,000, na kosa likiruhusiwa kwa asilimia 5, basi vipatavyo 5,000 vitaonekana vina kazi hata kama hakuna lolote. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walieleza jinsi walivyomweka samoni aliyekwisha kufa ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu na "kumwuliza" hisia zao. Bila kusahihisha wingi wa vipimo, madoa yalitokea. Baada ya kusahihisha, yakatoweka. Mwaka 2016 Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walionyesha kwamba programu zilizotumiwa sana, zikihesabu kwa mafungu ya vokseli, zaweza kutoa matokeo ya uongo hadi asilimia 70 mahali palipotazamiwa asilimia 5. Kosa hilo halikuwa la wanafunzi. Lilikuwa limo katika zana za walimu wao.

Kwa mchunguzi wa Kiswahili, sharti la kutoa lina uzito wa pekee. Mtu wa St. Louis alijibu kwa kitenzi kitupu cha Kiingereza. Kitenzi cha Kiswahili hakisimami hivyo: msemaji atasema "kula", na ku- imo ndani, au "tunakula", pamoja na nafsi na wakati. Baki la hesabu litachanganya kazi ya kutafuta maana na kazi ya kuunda neno, wala uzuri wa picha hautazitenga. Kuzitenga ni kazi ya sarufi, na hufanywa kabla mtu hajalazwa ndani ya mashine, kwa kupanga maneno ambayo viambishi vyake vyabadilika huku mzizi ukibaki, kama "anakula" na "walikula", na mengine ambayo mzizi wabadilika huku viambishi vikibaki, kama "anakula" na "anakunywa". Katika kazi hiyo mwanaisimu ana neno la kuwaambia wataalamu wa hesabu, naye hawezi kulisema asipoijua hesabu yao.