Ami Akipunguza Sauti

Nilipokuwa chuo Dar es Salaam nilikuwa na rafiki kutoka Nigeria. Alikuwa na mchezo mmoja. Akikutana na Mnigeria mwenzake, mmoja wao anaanzisha wimbo wa kufungulia kipindi cha televisheni cha utotoni, mwengine anadakia. Tales by Moonlight ndio waliokuwa wakiupenda zaidi. Watu wawili waliozaliwa miji tofauti, wakalelewa kwa lugha tofauti, wanaimba mpaka mwisho huku wanacheka. Siku moja akanigeukia: "Na nyie Zanzibar mlikuwa mnaimba nini?"

Nikakosa jibu, na nikaona aibu, kwa sababu kwenye historia ya televisheni sisi si watu wa kunyamaza. Nigeria ilitangulia, kweli: Ibadan ilirusha matangazo mwaka 1959. Kenya ikafuata 1962, Uganda 1963. Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994, maana serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache. Lakini Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena cha rangi tangu kilipoanza. Mzee Karume aliuawa Aprili 1972, kabla ya picha ya kwanza kuonekana. Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, ilianza televisheni mwaka 1976, kwa kuwa serikali ya makaburu ilikuwa ikiikataa.

Ila kuwa na kituo ni jambo moja, na kukipata ni jambo jengine. Sisi Madungu, hapa Chake Chake, umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha, na mgao ulikuwa sehemu ya maisha kama mvua. Mtaani kwetu mwenye televisheni alikuwa jirani mmoja tuliyemwita Ami, ingawa hakuwa ndugu wa baba. Jioni aliigeuza ikatazama nje dirishani, watoto tukatandika jamvi lile lile lililoanikiwa karafuu mchana, wazee wakakaa barazani. Tukinuka karafuu, tukingoja.

Mlio niliouzoea mwanzo haukuwa wa kipindi cha watoto. Ulikuwa ule wa kufungulia taarifa ya habari. Ukilia, wanaume wanaacha mazungumzo, na sisi tunajua mchezo umekwisha.

Jumamosi ya tarehe 27 Januari 2001 nilikuwa na miaka minane. Chama cha CUF kilifanya maandamano kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe, na polisi wakafyatua risasi. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao Pemba. Hayo nimeyasoma nilipokuwa mkubwa. Ninachokikumbuka mwenyewe ni sakafu. Mama alitulaza chini, mbali na dirisha, akatukataza hata kukohoa. Usiku ule umeme ulikuwepo. Kutoka kwa Ami ukasikika ule mlio wa habari, mkubwa, mchangamfu, kama siku zote, kisha ghafla ukafifia. Mtu alikuwa ameukimbilia. Walitaka kusikia, na hawakutaka kusikika kuwa wanasikiliza.

Siku chache baadaye dirisha la Ami lilikuwa limefungwa. "Amesafiri," mama alisema, na kwa namna alivyolisema sikuuliza safari ya wapi. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari mwaka ule mpaka Shimoni, Kenya. Ami alikuwa mmoja wao. Muafaka ulitiwa saini Oktoba 2001, na yeye alirudi mwaka uliofuata, amekonda, na ndevu zimeingia mvi.

Baada ya muda alinunua dishi. Hapo ndipo ilipoingia Isidingo, kupitia ITV. Nchi iliyochelewa kuliko sisi kuanza televisheni ndiyo ikatupa wimbo wa utoto wetu. Neno lenyewe ni la Kizulu, maana yake haja. Mchezo ulihusu watu wa Horizon Deep, mji wa mgodi wa dhahabu; sisi tusiowahi kuona mgodi tulimjua Cherel de Villiers kama mke wa jirani mkorofi. Wimbo wake ulipoanza tulikuwa tunatoka mbio, wengine mikono bado ina povu la vyombo. Maneno hatukuyajua, tukatunga yetu. Bibi aliniuliza wanasema nini, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasoma Kiingereza skuli. Nikamwambia wanamsifu mama mkwe. Aliuheshimu wimbo ule miaka yote.

Kwenye wimbo ule Ami alikuwa akiongeza sauti, makusudi, mpaka usikike nyumba ya tatu. Lakini habari zikianza mkono wake unakwenda kwenye rimoti, na ule mlio anaupunguza mpaka unakuwa kama mbu. Hakuwahi kueleza. Sisi watoto tulifikiri ndivyo habari zinavyosikilizwa.

Mwaka 2010 ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Dizeli ya Wesha ikapumzika. Kila nyumba polepole ikawa na televisheni yake, halafu kila mtu simu yake, na jamvi la Ami likabaki la karafuu tu. Isidingo yenyewe ilikoma huko Afrika Kusini mwaka 2020, baada ya zaidi ya miaka 20. Nilipopata habari hiyo nilimtumia yule rafiki yangu wimbo wake. Akajibu akicheka: "Huu si wenu." Nikamwambia hata huo wa mama mkwe si wenu. Ilibidi nimsimulie kisa cha bibi.

Ule wa pili, wa habari, sikumtumia. Sikujua ningeanzia wapi.

Ramadhani iliyopita nilikwenda kumuamkia Ami. Amezeeka sasa, macho hayaoni vizuri, na wajukuu wamejaa ukumbini baada ya futari. Televisheni ikaanza habari kwa mlio mpya nisioufahamu. Ami akapapasa pembeni mwa mto, akaipata rimoti, akapunguza.

"Babu, hatusikii!" mjukuu mmoja akalalamika.

Ami akatabasamu, akampa rimoti. Mtoto akaongeza sauti mpaka mwisho, na hakuna kilichotokea. Wajukuu wakaendelea kugombea tende. Ami na mimi tu ndio tuliokuwa tumenyamaza.