Jina la Degedege na Tiba Yake katika Pwani ya Afrika ya Mashariki

Miongoni mwa maradhi ya watoto yaliyopewa majina katika Kiswahili, yako ambayo majina yake hayana mgogoro. Surua, ndui, tetekuwanga na kifaduro ni majina ambayo mama huyatambua na daktari huyafasiri pasipo taabu kubwa. Degedege si hivyo. Jina hili limewashughulisha waganga, madaktari, wafasiri na watungaji wa kamusi kwa muda mrefu, na upungufu katika kulifasiri umepata kuwagharimu watoto uhai.

Umbo la neno lenyewe si gumu kulieleza. Nomino ndege ikivuliwa kiambishi chake cha ngeli ya N- na kuingizwa katika ngeli ya JI-MA hutoa dege, yaani ndege mkubwa wa kutisha. Nao wazee wa pwani walikuwa wakisema dege la watoto kwa maana ya maradhi haya. Dege likirudufiwa hutoa degedege, ambalo pia ni jina la aina ya nondo arukaye usiku. Hapana budi kukumbuka vilevile kwamba ndege katika Kiswahili ana maana ya fali: mtu aliweza kusafiri kwa ndege njema au kurudi nyumbani kwa sababu ya ndege mbaya. Kwa hiyo aliyelitamka jina hili hakutaja kiumbe chenye mabawa tu, bali alitaja pia tishio lililokuja kutoka juu. Wala fikra hii si ya Waswahili peke yao. Katika Kilifi maradhi yayo hayo yaliitwa nyuni, neno ambalo katika lahaja za kaskazini maana yake ni ndege.

Wako waliolichukulia jina hili kuwa ushirikina mtupu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mtoto aliyeshikwa na homa kali hupinduka macho, hukakamaa viungo, kisha mikono yake hutapatapa mfano wa mabawa, na mwisho huzirai. Waliotunga jina waliiona hali hiyo vizuri na kuieleza kwa usahihi. Walichokosa ni habari ya chanzo, na habari hiyo haikuwako popote duniani kabla ya mwaka 1880, Alphonse Laveran alipokiona kijidudu cha malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria, na 1897, Ronald Ross alipokiona ndani ya mbu huko Uhindi.

Ujuzi huo ulipofika Afrika ya Mashariki ulihitaji maneno. Kiswahili kilikuwa na homa kwa kila joto la mwili, na mkunguru kwa homa impatayo mgeni asiyeizoea nchi. Malaria, neno la Kiitalia lenye maana ya hewa mbaya, likaambatishwa na homa, na likapatikana fungu la maneno homa ya malaria. Tafsiri hiyo yaonekana haina dosari. Dosari ilikuwa katika kile kilichoachwa nje: degedege halikuunganishwa na fungu hilo, likabaki peke yake upande wa mganga.

Matokeo yake yalidhihirika katika utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996. Wazazi wengi walijua habari ya homa ya malaria. Waliiona kuwa ni maradhi ya kawaida, yaletwayo na mbu na kutibiwa kwa dawa za hospitali. Degedege kwao lilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wa shetani, na tiba yake ilikuwa dawa za miti na kufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo. Zaidi ya hayo, iliaminiwa kwamba mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Imani hii nayo haikuzuka bure. Mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa amekwisha kuzirai alidungwa sindano, na wengi wa namna hiyo walikufa. Aliyeshuhudia aliona sindano ikitangulia na kifo kikifuata.

Dawa zenyewe zilibadilika. Klorokwini, iliyotegemewa kwa miongo mingi, ilishindwa na vijidudu vilivyoizoea. Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza mwaka 1998, na Tanzania Bara mwaka 2001. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa yaliyofanywa Kilifi katika miaka ya 1990 yalipunguza vifo vya watoto kwa kadiri ya theluthi moja. Na mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti juu ya watoto zaidi ya 5,400 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kilifi, Muheza na Korogwe zikiwamo: waliodungwa sindano ya atesuneti walikufa wachache kuliko waliopewa kwinini, kwa tofauti ya zaidi ya moja ya tano. Sindano iliyoogopwa kuliko zote ndiyo iliyokuja kuwa tiba bora.

Tangu hapo mafunzo ya afya yalikuwa yameanza kusema wazi kwamba degedege ni malaria. Stacey Langwick, aliyefanya utafiti kusini mwa Tanzania, alionyesha mwaka 2007 kwamba mlinganisho huo hauwi tafsiri tu, maana unahamisha pia mamlaka ya kusema ugonjwa ni nini na nani autibu. Hoja yake yafaa kuzingatiwa na wanaleksikografia. Kwa upande wa tiba pia mlinganisho huo ni mwembamba kuliko neno. Mtoto hutapatapa vivyo hivyo kwa homa ya uti wa mgongo, na hata kwa homa nyingine zisizo na hatari kubwa. Na akitapatapa mara kwa mara pasipo homa, huenda ana kifafa, ambacho tiba yake ni nyingine. Kidahizo kinachosema degedege ni malaria kitamwelekeza msomaji kwenye chanzo kimoja na kumficha vingine; na kinachosema ni ugonjwa wa shetani kitamwacha pale alipokuwa mzazi wa Bagamoyo. Fasili inayofaa ni ile itajayo kwanza mtukutiko wa viungo na kuzirai kwa mtoto mwenye homa, kisha malaria kali kuwa chanzo kimoja kikubwa, na ndege aachwe katika maelezo ya asili ya neno.