Wakili Aliyekosa la Kuuliza

Kila mwaka, vijana wetu wa chuo cha ualimu wanapokaribia kumaliza masomo, hutujia jioni mmoja mmoja na swali lile lile: "Mwalimu, cheti nitakipata; je, kazi nitaipata?" Twajua kilicho nyuma ya swali hilo. Nyumbani ng'ombe wameuzwa, kaka mkubwa amekopa, na wote wangojea. Basi leo twataka kusimulia habari za kijana mmoja wa Bara Hindi aliyesoma sheria Uingereza, akarudi kwao na cheti kikubwa, asipate kazi. Na jinsi kuitafuta kazi hiyo kulivyompitisha katika bandari zetu za Lamu, Mombasa na Unguja. Jina lake ni Mohandas Gandhi. Dunia ilimjua baadaye kwa mambo makubwa mengine, lakini habari zetu ni za miaka ile michache alipokuwa hajulikani na mtu.

Alizaliwa Porbandar mwaka 1869. Katika Septemba 1888 alipanda meli kwenda London, akajiunga na Inner Temple, mojawapo ya vyama vinne vya kale vilivyokuwa na haki ya kuwafanya watu mawakili wa mahakama kuu. Masharti yalikuwa mawili: kushinda mitihani, na kula. Naam, kula! Mwanafunzi alipaswa kuhudhuria karamu kadha wa kadha za chama katika kila muhula, kwa mihula 12. Wanafunzi walikaa wanne wanne, na kila wanne walipewa chupa mbili za mvinyo. Gandhi hakula nyama wala hakunywa kileo, kwa hiyo kila mtu alitamani kukaa naye, ili chupa mbili zigawanywe kwa watatu. Jinsi karamu zile zilivyomfundisha mtu sheria, yeye mwenyewe hakuweza kuona, wala sisi hatuoni.

Alipata uwakili tarehe 10 Juni 1891, na tarehe 12 alikuwa njiani kurudi kwao. Moyo wake ulikuwa na hofu. Alikuwa amesoma sheria za Warumi hata kwa Kilatini, bali sheria za Kihindu na za Kiislamu, zilizotumika nchini kwao, hakuzijua hata kidogo. Wala hakujua namna ya kuandika hati ya madai. Mtu mmoja, Frederick Pincutt, alikuwa amemtuliza kwa kumwambia ya kwamba uaminifu na bidii vyatosha kumpatia wakili riziki yake.

Alipofika alipewa habari ya kwamba mama yake amekufa. Nduguze walikuwa wamemficha msiba ule alipokuwa ugenini. Kaka yake, Laxmidas, aliyeshughulikia gharama za masomo yake, alitumaini mno. Nyumbani viliingia vyombo vya kaure, chai na kahawa, ili wakili kutoka Ulaya aishi kwa heshima yake. Matumizi yakazidi kila siku, na mapato hayakuwapo.

Basi akaenda Bombay kutafuta kesi. Huko dalali alimjia akitaka ujira wake kwa kumletea mteja. Gandhi akakataa. Akaambiwa ya kuwa hata mawakili wakubwa hulipa. Akakataa vivyo hivyo. Hata hivyo akapata kesi moja katika mahakama ya madai madogo, ya mtu aitwaye Mamibai, kwa ujira wa rupia 30. Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, ya siku moja tu. Alikuwa upande wa mshtakiwa, na kazi yake ilikuwa kuwahoji mashahidi wa mdai. Akasimama. Moyo ukamshuka, kichwa kikamzunguka, na mahakama nzima ikawa kama inazunguka pamoja naye. Hakupata swali hata moja la kuuliza. Akakaa kitako, akamwambia wakala wa mteja amtafute wakili mwingine na arudishiwe fedha yake. Wakili huyo akachukua rupia 51, na kazi kwake ilikuwa mchezo wa kitoto. Gandhi akatoka mbio, hakungoja hata kujua nani ameshinda.

Hatuwacheki vijana wanaotetemeka siku ya kwanza mbele ya darasa. Sisi nasi tulitetemeka.

Jambo la pili linatugusa sisi walimu zaidi. Gandhi aliona katika gazeti tangazo la kazi ya kufundisha Kiingereza saa moja kwa siku, mshahara rupia 75, katika shule kubwa ya Bombay. Akaandika barua, akaitwa. Lakini mkuu wa shule alipojua ya kuwa hana shahada ya chuo kikuu, alimkataa. Uwakili wa London haukumfaa, wala mtihani aliokuwa ameshinda kule katika Kilatini. Akaendelea kwenda Mahakama Kuu kila siku kwa miguu, dakika 45 kwenda na 45 kurudi, apate kuokoa nauli. Na humo ndani mara nyingine usingizi ulimchukua.

Baada ya miezi sita hivi alifunga nyumba, akarudi Rajkot kwa kaka yake. Huko alipata kuandikia watu maombi na hati, kadiri ya rupia 300 kwa mwezi. Kesi hizo zilitoka zaidi kwa wenzi wa kaka yake, na wakili aliyezileta alipewa fungu. Yaani lile alilolikataa Bombay, Rajkot alilikubali, wala baadaye hakulificha katika kitabu cha maisha yake. Kisha akagombana na afisa mmoja Mwingereza aliyemtoa ofisini mwake kwa mkono wa tarishi. Na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa katika mahakama ya afisa yule yule.

Ndipo ikaja barua ya wafanya biashara wa Porbandar, Dada Abdulla na Kampuni. Walikuwa na kesi Afrika ya Kusini, madai ya pauni 40,000, nao walitaka mtu wa kuwasaidia mawakili wao na kuandika barua za Kiingereza. Muda ni mwaka mmoja. Nauli ya daraja la kwanza kwenda na kurudi, chakula na malazi, na pauni 105. Kwa fedha taslimu ilikuwa kidogo kuliko mapato ya Rajkot. Gandhi alijua wazi ya kuwa haendi kama wakili bali kama mtumishi wa duka. Akakubali pasipo kubishana juu ya bei.

Katika Aprili 1893 aliondoka Bombay. Bandari ya kwanza ilikuwa Lamu, baada ya siku 13 hivi. Meli ilipotia nanga alishuka pwani, akaenda posta, akawakuta makarani Wahindi, akazungumza nao. Kurudi, mkondo wa maji ulikuwa mkali, mashua ikashindwa kushika meli, na ngazi imekwisha kuvutwa. Kama nahodha hangengoja dakika chache, angeachwa. Wakapita Mombasa, wakafika Unguja, na huko alikaa siku nane au kumi akingoja meli nyingine.

Unguja alikwenda mahakamani kutazama kazi. Wakili mmoja wa Kiparsi alikuwa akimhoji shahidi juu ya daftari za biashara, yaliyoandikwa upande wa kupokea na yaliyoandikwa upande wa kutoa. Gandhi hakuelewa neno. Na kesi aliyokuwa akiiendea ilikuwa yote ya daftari! Alipofika Durban mwishoni mwa Mei ilimlazimu amwulize karani maana ya maneno ya kawaida ya biashara, kisha akanunua kitabu cha kujifunza kuweka hesabu. Mahakamani Durban hakimu alimwamuru avue kilemba. Akakataa, akatoka nje.

Akaenda Pretoria, akazisoma hesabu zote hata akazijua kuliko wenye mali. Akaona haki ni ya Dada Abdulla, lakini mshtakiwa, Tyeb, alikuwa jamaa yake, na mawakili wangewala wote wawili. Akawasihi wakubali mwamuzi. Dada Abdulla akashinda, pauni 37,000 hivi pamoja na gharama. Tyeb hakuweza kulipa kwa mara moja. Gandhi akatumia nguvu nyingi zaidi kumshawishi mshindi apokee kidogo kidogo kwa muda mrefu, naye akakubali.

Mwaka ukaisha. Alipokuwa Durban tayari kurudi kwao, Wahindi wa Natal walimwomba abaki awasaidie kutetea haki yao ya kupiga kura. Wafanya biashara 20 hivi wakampa kazi zao za sheria kwa mwaka mzima. Akaomba kuandikwa wakili wa Mahakama Kuu ya Natal. Chama cha mawakili kikapinga. Majaji wakalikataa pingamizi, na katika Septemba 1894 akaapishwa. Jaji Mkuu akamwambia avue kilemba, kama ilivyo desturi ya mahakama. Safari hii alikivua. Rafiki zake hawakupendezwa. Alikuwa na umri wa miaka 24, na ule mkataba wa mwaka mmoja ulimweka Afrika, ukiacha safari zake za kwenda nyumbani na Uingereza, mpaka Julai 1914.